Gari la Baba Limeoza kwa Ndani, na Baba Yuko Njiani

Bi Mwanamwema mpendwa,

Nakuomba msaada, na kabla ya msaada nakuomba usinicheke, maana jambo lenyewe ni gari, na mimi nasoma ukurasa wako kila mwezi na najua wengi wanaokuandikia shida zao ni waume na mawifi. Mume wangu mimi hana neno, anafanya kazi kiwanda cha mikate na akirudi nyumbani ananukia vizuri. Shida yangu ni gari la baba yangu, na baba yangu anatua Heathrow Jumamosi tarehe kumi na nne ya mwezi ujao, siku moja baada ya sikukuu yetu ya Vaisakhi, na anategemea kutoka pale ndani ya gari lake.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hapa Hounslow Kipunjabi kina mashangazi wengi, na Kiingereza ni cha kazini, ninakosafisha ndege. Kiswahili ndicho nilichokulia nacho gereji. Sisi ni Masingasinga wa Kisumu, baba alikuwa na gereji nyuma ya soko, yeye na mwenzake Philemon, na mimi mtoto wa pekee ambaye mama yake alifariki mapema nililelewa baina ya hao wawili, nikitoka shule navaa ovaroli juu ya sare, nashika taa, napitisha spana, mpaka nilipofika miaka kumi na tano naweza kuteremsha injini na kuirudisha, na wanawake wa gurdwara, hekalu letu, wakimwambia baba huyu msichana atampata wapi mume atakayetaka mke mwenye grisi kwenye kucha, na baba akiwajibu kwamba mwenye bahati yake atakuja mwenyewe. Baba hajawahi kuniita kwa jina langu. Ananiita Fundi.

Gari lenyewe ni Zephyr ya mwaka hamsini na nane, silinda sita, rangi ya krimu. Baba alilinunua likiwa limegongwa, akalinyoosha kwa mikono yake, akalifungia kabureta tatu badala ya moja, akaliinua springi, akachomelea bamba la chuma chini ya tumbo ili mawe yasilipasue, na Jumapili akashindana nalo kupanda vilima vya Nandi, na mwaka mmoja akawa wa tatu, kikombe kipo, ni kidogo kuliko kikombe cha kahawa. Siku za kazi gari hilohilo ndilo lililotupeleka shule na sokoni. Likiwashwa asubuhi mtaa mzima ulijua ni saa ngapi.

Mwaka sitini na nane, mwezi wa pili, ile mbio unayoikumbuka, kila Mhindi mwenye pasipoti ya Kiingereza anatafuta ndege kabla mlango wa Uingereza haujafungwa, mimi na mume wangu tukapata nafasi na baba akabaki, kwa sababu gereji haikupata mnunuzi na yeye hakutaka kumwacha Philemon na madeni ya watu wengine, akidhani atafuata baada ya miezi mitatu, na foleni ya vocha za kuingia huku ikamshika miaka mitano. Gari akalipakia melini Mombasa litufuate. Baba yangu mdogo, ambaye naye alikuwa anakuja huku, akamwambia mbele ya watu wote waliokuja kutuaga, "Surinder, gari hii ni ya wanaume. Peana kwa kijana wangu." Baba akanitupia mimi funguo. Akasema, "Kijana yako anajua kuendesha. Huyu anajua kutengeneza." Majina nimeyabadilisha, lakini maneno ni hayohayo, na baba mdogo hajayasahau hadi leo, anakaa mitaa miwili kutoka kwetu.

Sasa nisikilize, Bi, hapa ndipo nilipokosea. Kule kwetu barabara ni vumbi, na vumbi likiingia ndani ya milango linasaga kila kitu, linakata mashine ya kioo, linajaa mapafuni, kwa hiyo baba na Philemon kila gari waliloliandaa kwa safari waliziba matundu yote ya chini, yale madogo yaliyo kwenye ukingo wa mlango na kwenye vizingiti vya chuma chini yake, wanasukuma puti, juu yake wanapaka lami, halafu wanazungusha vipande vya tyubu ya baiskeli mlangoni mpaka ukiufunga unasikia hewa inapumua. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyofundishwa maishani, maana vidole vyangu vilikuwa vyembamba vinaingia. Nilipopata kibanda cha kukodi hapa Hounslow, mwaka sabini, nikaamua kulirudisha gari katika ujana wake, na kwa pesa zetu za kubana nilifanya kila kitu polepole, magurudumu mapana kutoka uwanja wa magari mabovu, viti nimevishona mwenyewe kwa cherehani, rangi nimenunua kopo moja moja kila mshahara, na kabla ya kupaka rangi nikaziba matundu yote upya, yote, kwa puti na lami na tyubu, vizuri kuliko alivyoziba baba, na nakumbuka nilifurahi sana siku ile nilipoufunga mlango ukapumua.

London hakuna vumbi, Bi Mwanamwema. Kuna mvua. Matundu yale Mungu na wenye kiwanda waliyaweka ili maji yatoke. Mwaka jana nikikata kona nilisikia kitu kinafanya chubwi, chubwi, nikadhani ni tangi la petroli, kumbe ni mlango umebeba maji kama debe. Sikuelewa. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikalipeleka kwenye ukaguzi wa mwaka, yule mkaguzi akachuchumaa, akachukua bisibisi, akagusa kizingiti, bisibisi ikaingia yote mpaka kwenye mpini. Akagusa upande wa pili, vilevile. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Bibi, limeoza kutoka ndani, na kwa hali hii haliruhusiwi barabarani."

Nikalirudisha likiwa limefungwa kamba nyuma ya gari la Malek, jirani yetu aliyetoka Kampala mwaka jana na sasa anauza vipuri. Nikakwangua kutu niliyoweza kuifikia, nikajaza puti, nikapaka rangi juu yake, likang'aa. Kisha, Bi, nikafanya jambo ambalo hata mume wangu halijui. Nikalipiga picha, mimi nimesimama nimeshika boneti, nikaituma kwa baba nikaandika, gari ni zima, linakungoja. Baba akaibandika picha ukutani gereji. Philemon akawaleta wateja waitazame. Wiki iliyopita baba ameniandikia kwamba ndege inaruhusu mizigo michache, kwa hiyo ameacha makoti na anakuja na kabureta moja ya akiba ndani ya begi, ameifunga kwenye kilemba cha zamani, na kwamba anataka atoke uwanja wa ndege ndani ya gari lake, mimi nikiwa usukani na yeye kando yangu, tupite mbele ya nyumba ya mdogo wake.

Malek anasema nisijisumbue. Ameona Zephyr nyingine Woolwich, mwaka uleule, bodi safi kwa sababu mwenyewe alikuwa mzee wa kuiweka ndani, bei yake tunaiweza ingawa itakula zile pesa za kitanda na hita ya chumba cha baba. Anasema, "Dada, tutahamisha injini, usukani, viti na namba. Rangi tunapiga krimu. Mzee ametoka safari ndefu, miwani yake imejaa ukungu. Atajua nini?" Mume wangu hasemi kitu, ananitazama tu. Malek anataka jibu, kazi itachukua wiki tatu, na mimi kila nikipita kibandani naogopa hata kufungua.

Niambie la kufanya. Nikimwambia ukweli, baba atashuka ndege akute kitu kimoja alichoniaminia nimekiua kwa mikono yangu, na baba mdogo atakuwa amesema kweli mbele ya watu wote. Nisipomwambia, nitaishi na gari ambalo silo.

Ni mimi,
Fundi, Hounslow

*

Mwanangu Fundi,

Sikukucheka. Nilitabasamu mahali pamoja tu, pale pa kabureta ndani ya kilemba, na hapo nitarudi. Sasa kaa kitako nikugombeze kwanza, maana umeomba.

Kuziba matundu hukufanya dhambi. Ulifanya ulivyofundishwa, na baba yako angetangulia yeye kuja huku angeyaziba vilevile, kwa lami ileile, na angefurahi mlango ukipumua. Sote tulifika hapa na mambo yetu ya kwetu. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilianika samaki dirishani, siku tatu, nikingoja jua. Kwa hiyo hilo la kutu usinililie, halina mkosaji. Lako ni lile la picha. Ulisimama mbele ya kitu ulichojua kimeoza, ukacheka na kamera, ukaituma kwa mtu mzima anayekuamini kuliko mdogo wake wa damu. Hapo hukuwa fundi, na nadhani unalijua hilo, ndiyo maana mume wako hujamwambia. Mwambie leo akirudi na harufu yake ya mkate. Mume anayekutazama tu bila kusema kitu mara nyingi anangoja uanze wewe.

Sasa huyo Malek. Ni kijana mwema, amekuvuta kwa kamba na hakukutoza, Mungu amlipe, lakini shauri lake si zuri. Kuhamisha namba ya gari moja kwenda gari jingine nchi hii ni kosa la polisi, na sisi wenye sura zetu hatuhitaji kumpa polisi kazi ya ziada. Hata polisi nikiwaweka kando, mwanangu, umesahau baba yako ni nani? Huyu ndiye aliyelinyoosha gari lile likiwa limekunjamana, ndiye aliyechomelea lile bamba la chini. Atafika, kabla hajaingia ataweka kiganja chake juu ya mlango, na atajua. Hatakwambia kitu. Atakaa kando yako mpaka nyumbani, atalisifu gari, na tangu siku hiyo hatakuita tena Fundi, na wewe hutamuuliza kwa nini. Je, hilo ndilo unalotaka kulinunua kwa pesa za kitanda chake?

Na hilo bovu lenyewe usithubutu kulitia barabarani na mzee ndani. Mimi gari silijui, najua kupanda basi, kwa hiyo nilimpelekea barua yako Ameir, shemeji yangu, anayetengeneza mabasi, bila ya kumwambia ni ya nani. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Puti haibebi kitu, dada. Gari lile likigongwa ubavuni linajikunja kama boksi la viatu." Kisha akasema neno jingine ambalo sikulitarajia kwa Ameir, mtu wa maneno machache. Akasema, "Lakini injini nzima, na kabureta tatu. Huyo mama anajua raha aliyonayo kibandani?"

Nikwambie sasa jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye ukurasa huu, na wasomaji wangu wa siku zote wanisamehe. Mume wangu, marehemu, kwetu Unguja alikuwa karani mkuu wa bandari. Mambo yalipoharibika, mimi na watoto tulitangulia kutoka, yeye alifika huku baada ya miaka mitatu. Nikamwandalia. Nilikuwa nimeshajua mji huu, nimeshajua ofisi zote, fomu zote, mabasi yote. Nikamtandikia kitanda, nikamwekea kiti karibu na hita, dirisha linatazama barabara. Kila alipoinuka nilimwambia keti, umeshachoka, pumzika. Alitaka kunijazia fomu za nyumba, nikamwambia nimeshajaza. Alitaka kukisahihisha Kiswahili cha watoto, nikamwambia waache, wana masomo. Nilidhani ndiyo mapenzi. Alipumzika miaka miwili, Fundi, katika kiti kile, kisha akafa. Daktari alitaja moyo. Mimi najua kwamba katika nyumba ile nzima sikumwachia hata kitu kimoja cha kufanya, na hilo linaniuma nikiandika hapa kama lilivyoniuma siku ile.

Basi rudi kwenye kabureta. Soma tena barua ya baba yako, isome kama fundi, si kama mtoto mwenye hofu. Mtu ameruhusiwa begi moja, anakuja kwenye baridi hii, ameacha makoti, amechukua kabureta. Anayetaka kupandishwa gari hafanyi hivyo. Ana miaka sitini na ngapi, gereji anaifunga, Philemon anamwacha nyuma, anakuja mji ambao hamna mtu atakayemwita kutazama injini yake. Wewe unahangaika umkabidhi gari lisilo na kasoro, apande, ashuke, akae kwenye kiti karibu na hita. Unataka kumfanyia yaleyale niliyofanya mimi.

Fanya hivi. Leo hii chukua bisibisi nyembamba uende kibandani, uogope ukiwa njiani, ukifika iwe basi, uyazibue matundu yote, milango yote minne na vizingiti, maji yatoke. Ameir anasema hapo kutu haitakoma lakini itapunguza mwendo. Bandua puti uliyojaza, yote, kila tundu la kutu lionekane lilivyo. Rangi usipake. Mwambie Malek asante, na umwambie kama mwenye ile Zephyr ya Woolwich atawauzia milango na vipande vya chini peke yake, mchukue hivyo, kwa risiti, mviweke ukutani kibandani. Kila namba ibaki kwenye gari lake. Akikataa, viwanja vya magari mabovu viko, na una vidole. Usichomelee hata kipande kimoja. Najua unaweza. Jizuie, umwachie mzee.

Kitanda nunua, hita nunua, koti pia maana ameacha yake. Siku ya Jumamosi nendeni kumpokea kwa basi, wewe na mumeo, na mkipita mtaa wa baba yako mdogo mpite kwa miguu mkiwa na mabegi yenu, yule bwana acheke akitaka, ana haki ya kucheka siku moja. Msitie chumvi wala msieleze. Mzee akishakunywa chai, mpe ufunguo wa kibanda aende mwenyewe. Ufunguo wa gari ubaki nao wewe, alikupa mbele ya watu.

Lakini asije akayajua hayo kwa mara ya kwanza hapo kibandani. Kamwandikie sasa, barua ya ndege, kabla posta haijafungwa, ifike Kisumu akiwa bado na Philemon wa kusikitika naye, maana hata yeye atahitaji siku mbili tatu za kukasirika, na ni haki yake azipate akiwa kwake. Usijieleze kurasa nne kama ulivyonieleza mimi. Mwandikie kwamba matundu uliyaziba kama kule, na mvua ya huku imeoza milango na vizingiti vyote. Mwandikie kwamba picha ilikuwa uongo, na uongo ni wako. Injini ni nzima. Kisha umwombe aache hata viatu vyake vya harusi akihitaji nafasi, ila begini, pembeni ya kabureta, atie ovaroli.

Mwanamwema